Mwite kwa Jina Lake



Safari hii ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo wachumba hawaliulizi wakati wa mafundisho ya ndoa, na ambalo wazee wanaposuluhisha ugomvi hulipita kama dogo. Ni jina la mtoto. Pengine utasema, "Jina ni jina tu, lina shida gani?" Ngoja nikusimulie, kisha uamue mwenyewe.

MTOTO ASIYEITIKA

Miaka kadhaa iliyopita mume na mke walikuja kuniona pamoja na binti yao wa miaka minne. Walikuwa Wakatoliki wema kutoka kijiji kimoja upande wa milimani, katikati ya Kenya. Mama alikuwa na bidii katika Jumuiya Ndogo Ndogo, na baba hakukosa Misa alipokuwa nyumbani. Aliyesababisha waje ni mwalimu wa shule ya chekechea. Mwalimu huyo alikuwa ameita rejista wiki nzima, na kila alipofika kwa jina la mtoto yule, mtoto alinyamaza. Mwalimu akadhani masikio yake yana kasoro, akawashauri wampeleke hospitali akapimwe. Masikio yalikuwa mazima. Mtoto hakuitika kwa sababu hakujua kwamba jina lile ni lake.

Jambo hilo liliwezekanaje? Mtoto alikuwa amepewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa baba. Kwa hiyo baba alimwita "mama yangu", kama baba wengi wa Kikuyu wanavyowaita kwa upendo mabinti wenye majina ya mama zao. Majirani walimwita "toto" kwa sababu ndivyo walivyomsikia mama yake akimwita. Na mama? Kwa miaka minne mama huyo hakuwahi kulitamka jina la bintiye. Hata siku ya ubatizo, padre alipouliza wamempa mtoto jina gani, aliyejibu ni baba peke yake.

Jina lenyewe silitaji hapa. Wanaoitwa hivyo ni wengi, nao hawana kosa.

Mume alikuwa amekasirika. "Padre," aliniambia, "huyu anamchukia mama yangu. Basi." Mke alikuwa akitazama sakafu. Nikamwuliza swali moja tu: "Mama, ukilisikia jina hilo, unamwona nani?" Akaanza kulia, na huku akilia akatueleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Kabla ya kumpata mtoto huyo alikuwa amekaa katika ndoa miaka minne bila kushika mimba. Mume alifanya kazi mbali na kurudi mwisho wa mwezi. Jioni moja, mvua ya masika ikinyesha, mama mkwe aliingia jikoni kwake. Mbele ya majirani wawili akasema kwamba mwanawe aliletewa mti usiozaa, na mti wa namna hiyo hukatwa. Kisha akachukua sanduku la mkaza mwana wake akaliweka nje kwenye matope. Usiku ule mama huyu alilala nyumbani kwa katekista. Asubuhi alirudi, akaosha vyombo, akanyamaza. Mwaka uliofuata Mungu akamjalia mimba, na mtoto akawa wa kike. Kwa desturi yao, mtoto wa kwanza wa kike huitwa jina la mama yake baba. Mume alipokuja hospitalini kumwona mtoto akalitaja jina hilo kwa furaha, naye mke akajibu, "Sawa." Alisema neno hilo moja tu, na usiku ule wote wa mvua ulikuwa ndani yake.

WOTE WAWILI WALISEMA KWELI

Mpendwa msomaji, usiharakishe kumhukumu mume huyo. Yeye akilisikia jina la mama yake humwona mwanamke aliyechuma kahawa ya watu, akilipwa kwa debe, ili mwanawe alipiwe karo. Anamwona akirudi jioni na mikono iliyochubuka, akimpa yeye chakula kwanza. Kwake yeye, kumwita binti kwa jina hilo kulikuwa kumlipa mama deni lisilolipika. Mke naye akilisikia jina lile lile huliona sanduku lake kwenye matope.

Wote wawili walisema kweli. Jina lilikuwa moja, lakini kila mmoja alikuwa na kumbukumbu yake, na katika miaka yote ile hakuna aliyemwuliza mwenzake anakumbuka nini. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa walificha donda, na aliyewaumbua ni mtoto mdogo aliyenyamaza darasani.

DESTURI NI NJEMA, LAKINI ISIZIBE MDOMO

Sisemi kwamba desturi zetu za kutoa majina ni mbaya. Hapana. Mababu zetu hawakutaka mtu aondoke duniani na jina lake lipotee. Kwa Wakikuyu, kijana wa kwanza huitwa baba yake baba, wa pili baba yake mama. Na mabinti vivyo hivyo, nyanya wa upande wa baba kwanza, kisha wa upande wa mama. Tazama hekima iliyomo: ukoo wa mke pia unapata nafasi katika nyumba ya mume. Kwa Wajaluo, Otieno na Atieno ni watoto wa usiku, na jamaa aliyefariki naye anaweza kupata wajina. Kwa Wabukusu, Wekesa na Nekesa walizaliwa wakati wa mavuno, Wanjala na Nanjala wakati wa njaa. Kila jina linakuja likiwa na habari ya mtu au ya wakati fulani.

Kanisa halipingi jambo hilo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba mtoto hapewi jina lisilopatana na maana ya Kikristo. Haisemi kwamba lazima jina litoke Ulaya. Kizito lilikuwa jina la kijana wa Buganda, mdogo kuliko wenzake waliochomwa moto pale Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Leo ni jina la mtakatifu, na watoto wa Kenya hubatizwa nalo.

Lakini desturi haikuwekwa ili kumziba mama mdomo. Fungua Injili ya Luka, sura ya kwanza, usome kuanzia mstari wa 57. Elisabeti amejifungua. Majirani na jamaa wamekuja kwa tohara ya mtoto, na tayari wameamua: ataitwa Zakaria kama baba yake. Elisabeti anasema hapana, ataitwa Yohane. Je, wanamsikiliza? Wanamkumbusha kwamba katika ukoo hakuna mwenye jina hilo, kisha wanamwacha na kumwendea mume. Zakaria, ambaye wakati huo ni bubu, anaomba kibao na kuandika jina lile lile alilosema mkewe. Hapo hapo ulimi wake unafunguka, anamsifu Mungu.

Kina baba, tuangalie vizuri. Zakaria alikuwa amenyamaza miezi mingi. Ulimi wake ulifunguliwa siku ile alipokubaliana na agizo la Mungu na neno la mkewe, mbele ya ukoo mzima. Kuna nyumba nyingi ambamo baba ni bubu kwa mkewe, wala si kwa sababu ya ugonjwa. Huenda kitakachomfungua ulimi ni kusema mbele ya jamaa zake, "Mke wangu amesema kweli."

Tena mkumbuke Raheli, katika Kitabu cha Mwanzo sura ya 35. Alipokuwa akikata roho kwa uchungu wa kuzaa, alimwita mtoto Benoni, maana yake mwana wa uchungu wangu. Yakobo alimpenda Raheli kuliko watu wote, lakini jina hilo hakuliacha. Alimwita mtoto Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Hakutaka kijana aishi maisha yake yote akiitwa kwa kifo cha mama yake. Aliomboleza mkewe, akamsimamishia nguzo kaburini, lakini mtoto hakumtwika maombolezo hayo.

JINA LILILOCHAFULIWA HUSAFISHWAJE?

Sasa tuje kwenye swali gumu. Kama jina limekwisha kutolewa, na tayari limeandikwa katika kitabu cha ubatizo, na kila ukilisikia moyo unauma, utafanya nini?

Tazama jina la Yuda. Ni nani kati yetu angethubutu kumbatiza mwanawe kwa jina hilo? Wengi huandika Jude, kwa Kiingereza, kwa sababu Yuda kwa Kiswahili linauma masikio. Lakini ni jina lile lile! Mitume wawili waliitwa Yuda. Mmoja alimsaliti Bwana, mwingine akabaki mwaminifu. Mwinjili Yohane anapomtaja huyu wa pili, katika sura ya 14, analazimika kuongeza kwamba siye Iskariote. Fikiria maisha ya mtu ambaye kila akitajwa ni lazima ielezwe kwamba siye yule mwingine. Hata hivyo Mtakatifu Yuda Tadei hakulikana jina lake. Alilibeba mpaka mwisho, na leo Wakristo waliokata tamaa hulitaja jina hilo hilo wakiomba msaada.

Na kabla ya wote wawili, jina hilo lilitoka wapi? Lilitoka kwa mwanamke aliyeumia katika ndoa. Lea hakupendwa na mumewe. Majina ya wanawe watatu wa kwanza, Reubeni, Simeoni na Lawi, yote yalisema habari ya huzuni yake na hamu yake ya kupendwa. Alipozaliwa wa nne, Lea alisema sasa atamsifu Bwana, akamwita Yuda. Yakobo alikuwa bado anampenda Raheli, na Lea alikuwa bado katika nyumba ile ile, lakini alipata neno jingine la kumwita mwanawe. Na kutoka kabila la huyo wa nne akazaliwa Bwana wetu.

Mtazameni pia Mtakatifu Josephine Bakhita wa Sudan. Alitekwa nyara akiwa msichana mdogo, na hofu ikamfanya asahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni jina alilobandikwa na waliomteka. Kwa Kiarabu maana yake ni mwenye bahati, nalo ni shina lile lile la bahati yetu ya Kiswahili. Kulikuwa na kejeli gani kubwa kuliko hiyo, kumwita mtoto aliyefungwa na kuuzwa mwenye bahati? Alipobatizwa kule Venice tarehe 9 Januari 1890, alipewa majina mapya ya Kikristo. Lakini lile la zamani halikufutika. Alifariki mwaka 1947, akatangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, na leo mabinti wa Kenya huitwa Bakhita kwa fahari. Jina lililotoka kinywani mwa wezi wa watu likawa jina la sala. Bakhita hakulisafisha kwa kusema kwamba hakuumizwa. Lilisafishwa na maisha aliyoyaishi ndani yake.

YALE YALIYOFUATA

Turudi kwa mume na mke wale. Mume aliposikia habari ya usiku ule, alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akasema, "Mbona hukuniambia?" Mke akajibu, "Ungemwamini nani?" Hakuwa na jibu. Wakaenda nyumbani bila kusemezana.

Baada ya wiki mbili mume alirudi peke yake. Nilimwambia asimwombee mama yake msamaha, kwa maana kila mtu hutubu dhambi yake. Aombe msamaha kwa lile lililo lake: kwamba alitoa jina bila kumwuliza mkewe, na kwamba miaka minne aliishi na mwanamke mwenye donda na hakuliona. Akaenda akafanya hivyo. Mke aliniambia baadaye kwamba usiku ule ndipo alipolala usingizi.

Mama mkwe hakuomba msamaha kwa maneno. Mwanawe alipomwuliza, alikana, kisha akanyamaza. Wazee wetu wengi hawakufundishwa kumwomba msamaha mkaza mwana. Ila siku moja alifika na kiondo cha viazi vitamu, akakiweka mlangoni pale pale alipoliweka sanduku, akaketi jikoni bila kusema lolote. Mke akampa chai. Sisemi kwamba deni liliisha hapo. Nasema walikunywa chai.

Na jina? Mke aliniuliza kama inafaa libadilishwe. Nikamwambia linaweza, hakuna dhambi. Lakini ajaribu kwanza jambo moja. Kila usiku, anapomwandika mtoto ishara ya msalaba kwenye paji la uso, amtaje kwa jina lake mara moja. Mara moja tu, mbele ya Mungu. Siku za kwanza jina lilimkwama kooni. Mtoto akacheka, akidhani mama anamwita mtu mwingine. Ilipita miezi mingi. Siku moja baada ya Misa mama yule alinifuata nje akaniambia, "Padre, nikilisikia sasa, namwona mtoto kwanza. Nyanya yake namwona baadaye." Sikuwa na cha kuongeza. Kusamehe hakukumfanya asahau. Kulimweka mtoto mbele ya kumbukumbu.

MASHAURI KWA WANANDOA

Kwanza, ulizaneni kabla mtoto hajazaliwa. Msiulizane tu, "Tumwite nani?" bali pia, "Jina hili linakukumbusha nini?" Kisha anayeuliza anyamaze, asikilize. Mwenzako akisema "sawa" haraka mno, mwulize tena kesho.

Pili, usimpe mtoto jina lenye siri. Mume anayependekeza jina la msichana aliyempenda zamani, akimwambia mkewe ni la mtakatifu tu, ameingiza mtu wa tatu katika nyumba. Siku moja mke ataambiwa na watu sokoni, na atakayeumia zaidi ni mtoto asiyejua lolote. Lakini ninyi wenye wivu nanyi mjihadhari. Si kila jina ni ungamo. Maria na Yosefu wako katika kila kijiji, na huwezi kumshuku mwenzako kwa kila mmoja. Kama una shaka, uliza kwa upole.

Tatu, usimtwike mtoto makosa ya somo wake. Ni mara ngapi tunasikia, "Wewe ni mlevi kama babu yako uliyeitwa jina lake!" au "Tabia hiyo ni ya yule nyanya yako!" Mtoto aliomba jina hilo lini? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2158, inatufundisha kwamba Mungu humwita kila mtu kwa jina lake, na kwamba jina la kila mtu ni takatifu na linastahili heshima. Ukilitumia kumpigia mtoto, umetumia kitu kitakatifu kama fimbo. Vivyo hivyo mtoto aliyepewa jina la ndugu yake aliyekufa: mwacheni awe yeye mwenyewe, asilazimishwe kuishi maisha ya marehemu.

Nne, kama kuna donda, lisemeni mbele ya mtu wa kuwasaidia, awe padre, katekista, au wazee wenu wa ndoa. Mama, kunyamaza kwako si uvumilivu wa Kikristo kama kunakufanya ushindwe kumwita mwanao.

NA WEWE, MWENZAKO UNAMWITAJE?

Kabla ya kumaliza, tuangalie jina lingine ndani ya nyumba hiyo hiyo. Siku ya harusi yenu, mbele ya altare, kila mmoja alitaja jina lake na jina la mwenzake, ndipo akatoa ahadi. Tangu hapo mmekuwa Baba Fulani na Mama Fulani. Ni majina ya heshima, na ni mazuri. Lakini lile la altareni mara ya mwisho ulilitaja lini? Wengine hulitaja wakati wa ugomvi tu, au mbele ya chifu. Wengine huita "wewe!" kutoka sebuleni mpaka jikoni.

Asubuhi ya Pasaka Maria Magdalena alimwona Bwana akadhani ni mtunza bustani. Hakumtambua kwa sura. Alimtambua alipoitwa jina lake. Kuna wake na waume wengi ambao wamekaa na mwenzao miaka ishirini, nao wanamwona kama mtunza bustani, kama mleta pesa, kama mpika chakula. Jaribu usiku wa leo. Mwite kwa jina lake, taratibu, kama ulivyomwita siku ile.

Katika Kiswahili chetu, somo ni mtu mnayeitwa jina moja, na somo ni jambo la kujifunza. Basi jina la mtoto wako lisikufundishe chuki. Likufundishe kusema ukweli na kusamehe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA MUME NA MKE

1. Majina ya watoto wetu yalichaguliwa na nani? Je, kila mmoja wetu alisikilizwa?
2. Kuna jina katika ukoo wako au wangu ambalo mmoja wetu huona vigumu kulitamka? Kwa nini?
3. Tunapomkemea mtoto, je, tunamtajia makosa ya mtu mwingine?
4. Ni jina gani ungependa nikuite tukiwa wawili?

TUSALI

Ee Mungu Baba, wewe unayemjua kila mmoja wetu kwa jina lake, ponya majina yaliyo na uchungu katika nyumba zetu. Utupe ujasiri wa kuulizana na subira ya kusikilizana. Watoto wetu wakisikia tukiwaita, wajue kwamba wanapendwa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.